Mtoto Anapochunguzwa Njia ya Hewa: Mzazi Aulize Nini?



Mzazi akielezwa kwamba mwanawe ataingizwa mrija hadi mapafuni, hushikwa na hofu. Hofu hiyo si kosa, mradi imwongoze kuuliza.

Bronkoskopia ni uchunguzi wa njia ya hewa kwa mrija mwembamba unaopindika, wenye taa na kamera. Mrija wa aina hii ulibuniwa na daktari Mjapani, Shigeto Ikeda, katika miaka ya 1960. Ule wa watoto wadogo una unene wa milimita 3 hivi. Hupitishwa puani au mdomoni ili kutafuta chanzo cha nimonia inayojirudia au pumzi yenye mkwaruzo. Mtoto aliyepaliwa na karanga, mara nyingi huhitaji mrija mgumu ili itolewe.

Mrija ukiwa ndani huziba sehemu ya njia ileile anayovutia pumzi. Kwa hiyo oksijeni yaweza kushuka. Ulizeni: ni nani atakayemwangalia mtoto tu, asiyeshika mrija? Je, oksijeni yake itapimwa muda wote?

Ulizeni pia namna mrija ulivyosafishwa. Mwaka 2015 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, FDA, ilitahadharisha kwamba mirija isiyotakaswa ipasavyo huweza kuambukiza mgonjwa anayefuata.

Wajibu wenu ni kumfungisha mtoto. Kwa kawaida huacha chakula na maziwa ya kopo saa 6 kabla, maziwa ya mama saa 4, na maji saa 2. Hospitali ikielekeza vingine, ifuateni. Mkimwonea huruma mkampa uji, semeni. Kuahirisha uchunguzi si aibu. Chakula kikipanda na kuingia mapafuni akiwa amelala kwa dawa, maisha yake yamo hatarini.

Baadaye, msimlishe mpaka mruhusiwe, kwani koo lingali na ganzi. Kikohozi na homa ya siku moja hutokea. Lakini akipumua kwa shida, midomo ikigeuka rangi, akikohoa damu nyingi au homa ikiendelea, mrudisheni hospitalini bila kukawia.

Fomu ya ridhaa husainiwa baada ya kuelewa, si kabla. Daktari mwema haudhiki kwa kuulizwa.