Jinsi ya Kutunza Dhamana ya Motokaa Iliyotumika

Mazungumzo kwa wenye motokaa wa Kakamega

Mtu anunuaye fahali wa kupigana kule Shinyalu hatazami rangi ya ngozi peke yake. Huangalia shingo, kwato na macho, tena huuliza fahali ametoka boma gani na nani aliyemlea. Lakini mtu huyo huyo akienda kununua motokaa iliyotumika, mara nyingi hutosheka na rangi inayong'aa. Hupewa ufunguo pamoja na karatasi iitwayo dhamana, naye huikunja karatasi hiyo na kuiweka asiisome. Injini inapokufa ndipo huitafuta, na ndipo aonapo kwamba dhamana ilikufa kwanza.

Jambo hili lawahusu sana watu wa Kakamega kwa sababu ya Toyota Probox. Motokaa hiyo ilianza kuuzwa Japani mwaka 2002 kwa kazi ya kuchukua vitu vya maduka na makampuni, na nyingi zinazoonekana katika barabara za Kakamega zilitumika huko kwanza kabla ya kushushwa Mombasa. Kanuni za Kenya zakataza kuingiza motokaa iliyopita miaka minane tangu ilipoandikishwa mara ya kwanza, tena yapasa ikaguliwe kabla ya kupakiwa melini. Wako wadhanio ya kuwa ukaguzi huo ni dhamana. Sivyo. Ukaguzi waeleza hali ya motokaa siku ile ilipotazamwa. Haumwahidi mtu malipo giaboksi ikivunjika Chavakali. Dhamana ya kiwanda nayo kwa kawaida haivuki bahari. Basi ile apewayo mnunuzi ni ahadi ya muuzaji wake tu, mara nyingi kwa miezi michache, na kwa injini na giaboksi peke yake.

Ahadi hiyo ina masharti, na lililo kubwa ni kwamba servisi ifanywe kwa wakati wake, katika gereji iliyokubaliwa na muuzaji, na iandikwe kitabuni kwa tarehe, kilomita na muhuri. Wengi huona kuwa hiyo ni hila ya kuwapelekea mafundi fulani fedha. Pengine ni kweli kwa wauzaji wengine, lakini liko na jambo la haki ndani yake. Oili iliyochoka hugeuka nzito kama tope, huziba njia nyembamba za kuipeleka juu ya injini, na vyuma husagana vikavu. Muuzaji aliyeahidi kulipia kasoro ya injini hakuahidi kulipia uvivu wa mwenyewe, na kitabu cha servisi ndicho kinachotenga mambo hayo mawili.

Hapa ndipo watu wengi wa kazi ya kuchukua abiria wanapoanguka, na kosa lao ni la hesabu. Chukua mfano wa kitabu kinachosema servisi ifanywe kila kilomita 5,000 au kila miezi mitatu, lo lote litakalotangulia. Kutoka Kakamega mpaka Kisumu ni kama kilomita 50. Motokaa iendayo na kurudi mara tatu kwa siku hutembea kilomita 300, nazo 5,000 zatimia katika siku 17. Mwenyewe, akiwa nyumbani anahesabu miezi, hungoja siku 90. Hata akiipumzisha kila Jumapili, wakati huo itakuwa imetembea zaidi ya kilomita 23,000 kwa oili ile ile. Dereva aliyeajiriwa naye hatasema neno, maana siku ya servisi ni siku isiyo na nauli.

Tena dhamana nyingi zasema wazi kuwa ni za motokaa ya matumizi ya nyumbani. Anayeitia barabarani kwa nauli amekwisha kuivunja siku ya kwanza, hata akifanya servisi kila wiki. Mtu aliyekopa katika chama chake cha akiba na mikopo anunue motokaa ya biashara yampasa kuuliza neno hili kabla ya kutoa fedha, na jibu liandikwe, kwa sababu mkopo haupumziki injini inapopumzika.

Si kwamba mafundi wa jua kali hawafai. Kakamega inao mafundi hodari, na wako waliosomea kazi hiyo Sigalagala. Kuziba pancha, kubadili balbu au kukaza mkanda wa feni hakudhuru kitu. Lakini kufungua injini kabla muuzaji hajaiona ni kumpa sababu ya kukataa. Ikiwa gereji iliyokubaliwa iko mbali, mwenyewe aweza kumwomba muuzaji ruhusa ya kutumia gereji ya karibu. Ruhusa ya simu husahauliwa, ile ya maandishi hubaki. Risiti za oili, chujio na spea zitunzwe pamoja na kitabu, zikionyesha nambari ya motokaa.

Anayeinunua kutoka kwa mnunuzi wa kwanza aulize kama dhamana yafuata motokaa au ilikuwa ya mtu yule tu. Kubadili jina katika logibuku hakuhamishi dhamana.

Sheria nayo haikumwacha mnunuzi mikono mitupu. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012 yamwona muuzaji kuwa amehakikisha ubora wa kadiri ifaayo katika kitu alichokiuza kwa mtu wa matumizi ya nyumbani. Tena Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016, yasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Lakini hakimu naye ataomba kitabu na risiti.

Aliyekwisha kupitisha wakati wa servisi asifiche, wala asitafute rafiki wa kumpigia muhuri wa tarehe ya nyuma. Motokaa ikiwa bado yatembea vizuri, aipeleke kwa muuzaji ikaguliwe, oili ibadilishwe hapo hapo, na aombe iandikwe kitabuni kama dhamana yaendelea au imekwisha.