HOTUBA YA KATIBU WA TAWI: TUWATAMBUE MATAPELI WA DAWA

(Ilitolewa kwenye mkutano wa wanachama. Imenakiliwa hapa kwa faida ya wasiohudhuria.)



Tumekwisha kusomewa hesabu za kahawa. Fedha zinaingia mikononi, na matapeli nao wanajua. Msimu wa malipo ndipo huja mtu na kipaza sauti chake gulioni, chupa moja mkononi, anasema inatibu kisukari, presha, vidonda vya tumbo, ugumba na UKIMWI. Dawa moja, magonjwa yote! Basi tumjue.

Nchi yetu inalo fundisho. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, wa kijiji cha Samunge huko Loliondo, alitoa kikombe cha mizizi ya mti wa mugariga kwa shilingi 500. Alisema ameoteshwa na Mungu. Watu walitoka nchi nzima, hata Kenya. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi. Wagonjwa wengine walitolewa wodini wapelekwe huko, wakafia njiani. Halafu wakazuka wengine na vikombe vyao, Tabora, Mbeya na kwingineko. Mzee Mwasapila alifariki mwaka 2021. Kisukari, presha na UKIMWI bado tunavyo.

Simwiti yule mzee mwizi. Mia tano si fedha ya kumtajirisha mtu. Lakini hasara haikuwa mia tano, ndugu zangu. Hasara ilikuwa dawa zilizoachwa. Wapo waliokunywa kikombe wakaacha vidonge vya ARV. Vidonge vile havimalizi virusi, vinavifunga tu. Ukiviacha, virusi vinazaliana upya. Siku za mwanzo huoni kitu, unasema nimepona. Na presha ni vivyo hivyo: inapanda na mwenyewe husikii lolote. Hapo ndipo uongo unapopata nguvu, maana mgonjwa mwenyewe anakuwa shahidi wa tapeli.

Sisi wa Kagera hatuhitaji kuhadithiwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani kwetu mwaka 1983. Tumezika, tumelea yatima. Leo ARV zinatolewa bure. Kumwachisha mtu dawa hiyo ni kumchimbia kaburi.

Sasa dalili za tapeli, kila mtu azishike:

1. Dawa yake inatibu kila ugonjwa.
2. Anakuambia uache dawa za hospitali.
3. Anataka fedha leo leo, kesho hayupo.
4. Ushahidi wake ni watu wa mbali usioweza kuwauliza.
5. Hana cheti, au anacho lakini hataki ukisome.

Sisemi tuwadharau waganga wetu wa asili. Sheria ya mwaka 2002 inawatambua, na lipo Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala la kuwasajili. Mganga wa kweli ana makazi, ana cheti, na ugonjwa ukimshinda anasema, "Huyu mpelekeni Nyakahanga," au Isingiro kwa wenzetu wa Kyerwa. Tapeli hashindwi na ugonjwa wowote. Anashindwa na swali.

Kwa hiyo tuulize. Tuliosoma kisomo cha watu wazima tutumie kisomo chetu: tusome jina la dawa, nani kaitengeneza, na tarehe ya kuisha muda wake. Asiyejua kusoma amwite mtoto wa shule, si aibu. Ukiambiwa umepona, nenda zahanati ukapime kwanza, na dawa zako usiziache mpaka mganga wa zahanati aseme. Na mgeni mwenye chupa akifika, tumwambie Afisa Mtendaji wa Kijiji kabla hajafungua mkoba.

Tulifundishwa zamani kwamba maadui zetu ni ujinga, maradhi na umaskini. Tapeli wa dawa anawaleta wote watatu ndani ya chupa moja. Tusimnunue.