Kibarua wa Siku Mbili na Chama cha Wafanyakazi
Mazungumzo kwa vibarua wa Kibera na Kawangware



Nimeombwa niseme machache juu ya jambo ambalo wengi wenu mmekuwa mkiulizana: je, mtu afanyaye kazi siku mbili au tatu tu kwa juma, naye aingie katika chama cha wafanyakazi, au chama ni cha wenye mshahara wa mwezi peke yao?

Kwanza tuwatazame watu wenyewe. Asubuhi wanawake wa Kawangware huvuka kwenda Lavington na Kileleshwa kufua nguo, na wanaume wa Kibera hufuata njia ya reli kwa miguu mpaka Eneo la Viwanda, wakangoje langoni. Mama wa kufua ana nyumba moja Jumatatu, nyingine Alhamisi, na ya tatu akibahatika. Hana barua ya kuajiriwa. Mwenye nyumba akisafiri, hapana kazi wala ujira. Ukimwambia mtu huyu atoe ada kila mwezi, ana haki kukuuliza atapata nini.

Sheria haina shaka. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama na kujiunga nacho. Haikusema mfanyakazi wa mwezi tu. Kifungu cha 36 chakataza mtu kulazimishwa kujiunga. Na Sheria ya Ajira ya 2007 yasema kwamba uanachama, hata nia ya kuwa mwanachama, si sababu ya haki ya kumfukuza mtu kazini. Haikuwa hivi sikuzote: Makhan Singh, aliyeanzisha shirikisho la vyama hapa Nairobi mwaka 1949 pamoja na Fred Kubai, aliwekwa kizuizini tangu 1950 mpaka 1961.

Kwa kazi za nyumbani chama chenyewe ni KUDHEIHA, ambacho pia ni cha watu wa hoteli, shule na hospitali. Lakini hapa pana ugumu ambao wasemaji wa vyama hawapendi kuutaja. Kiwandani, chama kikipata zaidi ya nusu ya wafanyakazi, mwajiri hana budi kukitambua na kupatana nacho. Mama wa kufua yuko peke yake uani. Tena, Waziri aweza kuamuru ada ikatwe katika mshahara pale mwajiri alipo na wanachama zaidi ya watano. Nyumba gani ya Lavington ina watano? Kwa hivyo mama hana budi kuipeleka ada mwenyewe. Hulipa miezi miwili, mwezi wa tatu kodi ya chumba humbana, na siku ya shida huambiwa jina lake limelala. Wala asidhani kuwa ni kama chama cha mzunguko anachokijua, ambacho zamu ikifika fedha humrudia. Ada hii hairudi.

Sasa mtazame kijana wa Kibera. Tuseme amepakia magunia katika ghala moja tangu Januari mpaka Mei, akilipwa kila jioni. Mwenye ghala humwita kibarua. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira chasema kwamba kibarua akifanya siku mfululizo zinazotimia mwezi mmoja, au kazi ambayo haitazamiwi kwisha chini ya miezi mitatu, huhesabiwa kuwa mtu wa mshahara wa mwezi, na hawezi kuachishwa bila taarifa. Waajiri wengine huijua sheria hii vizuri kuliko vibarua wao, ndiyo sababu humpumzisha mtu siku chache kabla ya mwezi kutimia. Kulithibitisha jambo hili peke yako ni kazi nzito. Mkiwa thelathini na katibu wenu, barua moja huanza kusikika.

Kwa maoni yangu kijana huyu ajiunge bila kukawia, katika chama cha kazi yake. Mama wa nyumba tatu asiende peke yake. Aende na wenzake kumi wa mtaa mmoja, waulize: risiti hutolewa? Afisa wa eneo letu ni nani? Ni vibarua wangapi mliowasimamia mwaka uliopita, na walipata nini? Afisa akibabaika, warudi na fedha zao. Na hata asiyejiunga aweza kupeleka mashtaka yake Ofisi ya Kazi, na kuuliza kiwango cha chini cha ujira. Amri iliyoanza Novemba 2024 iliweka shilingi 16,113 na senti kwa mwezi kwa mtumishi wa nyumbani wa Nairobi, wala si mwenye nyumba aliyepewa kazi ya kukikisia.

Katika njia zote mbili mtahitaji ushahidi. Nunueni daftari ndogo, na kila jioni mwandike tarehe, jina la mwajiri, saa za kazi na ujira uliopokewa.