Mashine za Serikali na Ofisi za Pembezoni



Nimeombwa kuzungumza juu ya kompyuta katika ofisi za Serikali zilizo mbali na makao makuu. Sitaanza na mashine. Nitaanza na mama aliyetoka kijijini alfajiri kufuatilia cheti cha kuzaliwa cha mwanawe, akafika wilayani akaambiwa: "Mtandao hakuna, njoo Jumatatu." Mama yule hajui seva iko wapi, wala si kazi yake kujua. Anachojua ni kwamba nauli imekwisha.

Nchi yetu ilikwisha kuonja uchungu wa mashine isiyo na mwenyewe. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa Hazina mwaka 1965. Mahesabu yakahamishiwa katika mashine kabla hatujapata wananchi wa kutosha wenye ujuzi. Walioijua kazi hiyo wengi wao walikuwa wageni. Hesabu zikavurugika, fedha zikapotea, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta ukapigwa marufuku. Wako wanaoicheka amri ile leo. Mimi siicheki, ingawa nakiri kwamba ilituchelewesha.

Leo hali ni nyingine. Tangu mwaka 2009 nyaya za baharini zimefika Dar es Salaam, Mkongo wa Taifa umefika mikoani, na mwaka 2019 ikatungwa Sheria ya Serikali Mtandao. Lakini kutoka mjini hadi zahanati ya kijiji au ofisi ya mtendaji wa kata pana safari ndefu, na hapo ndipo mipango mingi mizuri hukwama.

Tazameni kilichofanyika Mkoa wa Mbeya mwaka 2013. Usajili wa watoto wa chini ya miaka 5 ulipelekwa kwenye vituo vya tiba na ofisi za kata. Cheti kiliandikwa kwa mkono papo hapo, na taarifa zikatumwa makao makuu kwa simu ya mkononi. Mzazi hakulazimika kungoja kompyuta ya mezani. Waliobuni utaratibu ule waliuliza kwanza ofisi ya kata ina nini, ndipo wakachagua chombo.

Swali hilo lastahili kuulizwa kila tununuapo. Je, umeme ukikatika, karani ataendelea kuandika, na kazi yake ikatumwa mtandao utakaporudi? Au skrini itaganda na foleni irudi nyumbani? Programu isiyoweza kuhifadhi kazi pale ofisini haifai kupelekwa pembezoni, hata ikisifiwa namna gani na muuzaji.

Kisha kuna suala la watu. Anafundishwa karani mmoja, kwa siku mbili, hotelini mjini. Baada ya miezi michache anapata uhamisho, na neno la siri la kufungulia mashine linaondoka naye. Walimu wakuu mliopo hapa mnafahamu vema habari ya kufunga safari kwenda mjini kujaza takwimu za shule kwa fedha ya mfukoni. Tusiite hayo maendeleo.

Ombi langu kwenu mnaoandaa makisio ni moja: kando ya bei ya kompyuta, andikeni bei ya betri, ya kinga ya radi, ya fundi aliye wilayani, na ya kuwafundisha watumishi wawili katika kila kituo. Mkiambiwa fedha haitoshi, punguzeni idadi ya mashine, wala msivifute vifungu hivyo.