Simu Mfukoni, Sheria Ugenini: Mazungumzo na Wanaosafiri Ghuba



Nyumba nyingi za pande hizi zina mtu Dubai, Doha au Jeddah, au kijana anayesubiri viza. Anayesubiri huulizia tiketi, mshahara na mkataba. Ni wachache wanaouliza kuhusu simu iliyo mfukoni, na kwa simu hiyo msafiri anaweza kuvunja sheria bila kujua.

Chukua mfano wa kijana wa Mtongwe aliyelipia Netflix. Akitua Dubai akaunti itafunguka, lakini orodha ya filamu itakuwa ya huko. Hajaibiwa. Haki za kuonyesha filamu, na mpira zaidi, huuzwa nchi kwa nchi. Umoja wa Ulaya ulilitatua hilo kwa Kanuni 2017/1128: tangu Aprili 1, 2018, mkazi wa Ufaransa akiwa matembezini Uhispania hutazama alicholipia kama yuko kwao. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana kushusha gharama za kupiga simu baina yao, filamu hazikuguswa.

Basi wengi hukimbilia VPN, programu inayoifanya simu ionekane iko Mombasa. Hapo ndipo penye hatari. Katika Falme za Kiarabu, sheria ya uhalifu wa mtandaoni, Na. 34 ya 2021, humwadhibu anayeficha anwani yake ya intaneti ili atende kosa au asigunduliwe. Adhabu ni kifungo, au faini ya dirhamu 500,000 hadi milioni 2, au vyote viwili. Dirhamu 500,000 ni zaidi ya shilingi milioni 17. VPN yenyewe haijapigwa marufuku, kampuni huitumia kazini. Swali ni inatumiwa kwa lipi. Na kwa kuwa simu za WhatsApp zimefungwa huko, hata anayetaka kumsalimu mamake tu hujiingiza mashakani. Zipo programu zilizoruhusiwa, kama Botim. Mama naye aipakue mapema, wajaribiane wakiwa bado sebule moja.

Jambo la mwisho ni pesa. Mwenye mkataba wa miaka miwili asitishe malipo ya kila mwezi kabla ya kuondoka. Kufuta programu kwenye simu hakutoshi: aingie kwenye akaunti na kuukatiza usajili wenyewe, la sivyo kadi itaendelea kukatwa.