Kugeuza Hati za Chama kuwa PDF bila Gharama



Hesabu iliyopangwa vizuri ofisini yaweza kufika kwenye kompyuta nyingine imevurugika: safu zimehama, na kilo za mkulima mmoja zaonekana kuwa za mwenziwe. Kinga yake ni kuigeuza kuwa PDF, muundo uliotolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993 na kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2008. Hati hiyo hulinda mpangilio wake popote ifunguliwapo.

Kazi hii haina malipo. Programu ya LibreOffice, itolewayo bure, ina kitufe cha kutoa hati kwa PDF. Mwenye Windows 10 au 11 huamuru hati ichapwe, kisha badala ya mashine ya kuchapa huchagua Microsoft Print to PDF. Njia hizi hazihitaji intaneti.

Ziko pia tovuti zigeuzazo hati bure. Lakini azitumiaye huipeleka hati yenyewe kwenye kompyuta za watu asiowajua. Daftari la wanachama, lenye majina, namba za simu na akaunti za benki, si mali ya katibu, ni amana. Lisipelekwe huko.

Hata hivyo, PDF si kufuli; mwenye nia mbaya aweza kuibadilisha. Nakala yenye sahihi na muhuri ibaki kabatini, ili mwanachama mwenye shaka alinganishe.