Tutembee pasipo kukimbia

Maneno haya tuliyatoa mbele ya jamaa za wakimbizi wa ndani pamoja na viongozi wao huko Kalemie, jimbo la Tanganyika.

Tunajua kwamba wengine wamekuja wakidhani leo kuna ugawaji wa bashi. Hakuna bashi leo. Hata hivyo tunawaomba msiondoke.

Tumekuja kuzungumza nanyi juu ya kutembea kwa miguu. Tayari tunasikia mtu anacheka huko nyuma, naye ana haki ya kucheka. Ni nani kati yetu ambaye hajatembea? Mwaka 2016 na 2017, vita kati ya Watwa na Waluba vilipowaka katika jimbo letu, watu mamia ya maelfu walihama. Wengi wao walitumia miguu, mtoto mgongoni, sufuria kichwani, usiku, ndani ya majani marefu. Wandugu zetu wa Goma nao walitoka mjini kwa miguu mwezi wa tano 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, wakaelekea Sake na kwingineko. Kwa hiyo ukimwambia mkimbizi «tembea, ni vizuri kwa afya», anakutazama kama mtu asiyejua kitu.

Sisi wenyewe tulikimbia. Wengi katika kikundi chetu walipofika hapa hawakutaka kuona njia tena. Mzee mmoja kati yetu alikaa mbele ya hema lake karibu mwaka mzima. Alikuwa mkulima, mtu wa kwenda shambani alfajiri na kurudi jua likiwa kali. Hapa hakuwa na shamba, hakuwa na mbuzi, wala hakuwa na mahali pa kwenda. Akakaa. Miguu ikavimba, usingizi ukakimbia, akawa mkali kwa mke wake na kwa watoto. Alipopimwa kwenye kituo cha afya alikutwa na tansio, yaani shinikizo la damu. Alishangaa sana. Alidhani ule ni ugonjwa wa matajiri wa mjini wanaokula nyama kila siku.

Hebu tuseme kidogo jinsi mwili unavyofanya kazi. Moyo unasukuma damu mpaka kwenye vidole vya miguu, lakini damu ile inapaswa kupanda tena juu. Inasaidiwa na nyama ya muundi: kila hatua unayopiga, nyama ile inabana mishipa na kuisukuma damu ipande. Mtu akikaa kutwa nzima, kazi hiyo inalala, na miguu inaweza kuvimba. Vilevile nyama za mwili zinapotembea zinavuta sukari kutoka katika damu na kuitumia. Ndiyo sababu mwenye ugonjwa wa sukari anashauriwa kutembea kidogo baada ya kula. Na moyo wenyewe, ukizoezwa, unafanya kazi yake kwa taabu ndogo zaidi; tansio inashuka polepole. Mwenye dawa asiache dawa zake kwa sababu ameanza kutembea! Hivyo viwili vinakwenda pamoja.

Shirika la Afya Duniani, katika mashauri yake ya mwaka 2020, linasema kwamba mtu mzima anahitaji dakika 150 mpaka 300 kwa juma za mwendo wa kadiri. Angalau ni nusu saa, siku tano. Nusu saa ni karibu kilometa mbili, si mbali. Mwendo wa kadiri ni upi? Ni ule ambao unaweza kuongea na mwenzako, lakini ukijaribu kuimba pumzi inakatika. Asiyeweza nusu saa aanze na dakika kumi. Shirika hilohilo linasema kidogo ni bora kuliko hakuna.

Sasa tuje kwenye moyo, au akili kama mnavyopenda kusema. Hapa ndipo tunataka kukaa kidogo.

Mtu aliyeona mabaya, akikaa peke yake, mawazo yanazunguka palepale kama mbuzi aliyefungwa kwenye mti. Kutembea hakufuti yale aliyoyaona. Tusidanganyane. Lakini waganga wameona kwamba watu wanaotembea mara kwa mara wanapunguziwa huzuni na wasiwasi, na wanalala vizuri zaidi. Mwanga wa asubuhi unasaidia mwili kujua tena ni saa ngapi ya kuamka na saa ngapi ya kulala. Katika hema lenye giza mwili unasahau hayo. Tena kuna jambo tulilolijifunza wenyewe bila kufundishwa na mtu: ni rahisi kusema maneno mazito mkiwa mnatembea bega kwa bega kuliko mkikaa mnatazamana. Mkiwa njiani hakuna anayekutazama machoni. Ukinyamaza, haionekani kama umeshindwa. Ni kutembea tu. Yule mzee tuliyemtaja alitembea nasi majuma matatu bila kutaja kijiji chake. Siku moja, karibu na mto Lukuga, alianza kueleza habari za mtoto wake wa pili. Hakuna aliyemjibu kitu. Tulipunguza mwendo tu.

Wale wanaoota vita kila usiku, au wanaofikiri kujiua, wasiachiwe matembezi peke yake. Wapelekwe kwenye nyumba za kusikiliza au kwenye kituo cha afya.

Mama zetu, sasa tunasema nanyi, na kwa kweli tunasema na baba mbele yenu. Mwanamke wa kambini anatembea tayari kuliko mtu yeyote. Anakwenda kuchota maji na bidoni ya lita ishirini, anakwenda kutafuta kuni, anakwenda kulima kwa watu apate unga wa muhogo. Kumwambia huyo aongeze matembezi ni kumcheka. Anachohitaji ni kupumzika, na mtu wa kumpokea bidoni. Kwa hiyo, baba, kama unatafuta mahali pa kuanza mazoezi yako, kisima kiko pale. Najua, tunajua, mtu atasema desturi haikubali mwanamume kubeba maji. Desturi ile ilikuwa na shamba, ilikuwa na uwindaji, ilikuwa na kazi nyingine ya mwanamume. Hapa umebaki na kiti.

Njia ya kuni nayo si njia ya mazoezi. Wanawake na wasichana wameshikwa kwa nguvu katika njia hizo, na wengine wananyamaza kwa haya. Aliyepatwa na jambo hilo afike kituo cha afya upesi, kabla ya saa 72 kupita, maana dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinapaswa kuanzwa ndani ya muda huo. Akichelewa, aende vilevile, kwa sababu kuna matunzo mengine. Na viongozi, tafadhali, msiulize kwanza alikuwa amevaa nini.

Tulifanya kosa letu hapo mwanzo na tunalisema ili ninyi msilirudie. Tulianza kutembea asubuhi na mapema, watu kumi na wanne, bila kumjulisha mtu. Kwenye kizuizi kimoja walituuliza tunakwenda wapi. Tukajibu, «Hatuendi mahali, tunatembea tu.» Jibu hilo halikuwafurahisha! Watu wawili wasio na vitambulisho walizuiwa mpaka saa sita mchana. Tangu siku hiyo tunamwarifu kiongozi wa kambi na mkuu wa mtaa, tunafuata njia inayojulikana, tunaanza jua likiwa limetoka, na hatuachi mtu nyuma. Ukiona kitu cha chuma usichokijua, usikiguse wala usikirushie jiwe. Weka alama mbali nacho, urudi ulikotoka, utoe habari.

Mambo madogo mengine. Kandambili iliyokatika ni mbaya kuliko mguu mtupu, itakuangusha. Mwenye ugonjwa wa sukari atazame nyayo zake kila jioni, kwa sababu kidonda asichokisikia kinaweza kumkosesha mguu. Mwenye homa abaki. Anayeumwa kifua akitembea asimame na kumwona mganga. Na mtu ambaye hajala tangu jana, hatumwambii atembee. Tunamwambia kiongozi atazame kwa nini jina lake halimo kwenye lisiti ya chakula.

Viongozi wetu, kuna neno moja ambalo ni lenu zaidi. Katika kikundi chetu kuna watu wa pande zote mbili zilizopigana. Siku za kwanza walitembea mafungu mawili, hawa mbele, hawa nyuma, na katikati nafasi ambayo lori lingepita. Hatukuwaambia kitu. Kilichowakaribisha ni mvua: kulikuwa na mahali pamoja tu pa kujikinga. Hatusemi kwamba sasa wanapendana. Bado kuna shamba linalogombaniwa, na baraza la amani ndilo litakalolisikiliza, si sisi. Lakini wanasalimiana, na mtoto wa mmoja alipougua usiku, yule mwingine ndiye aliyembeba mpaka hospitali. Watu wa Bukavu wanakumbuka tarehe 17 mwezi wa kumi 2010, maelfu ya wanawake wa Kongo na wa nchi nyingine walipotembea pamoja katika mji ule kudai amani. Kutembea kwetu ni kudogo, hakuna bendera wala redio. Tunaomba tu ruhusa ya njia, na kila kiongozi aje hata mara moja kwa juma, atembee katikati ya watu wake, si ndani ya gari.

Maswali tutayajibu njiani, maana tukiyajibu hapa jua litazama. Saa kumi imefika. Tunashuka mpaka ziwani na kurudi, nusu saa, kwa mwendo wa yule mama mwenye fimbo pale mbele. Baba watatu wenye bidoni mkononi, asanteni, kisima kitakuwa upande wa kushoto tukirudi.